Hango Alifika Siku Aliyoandikiwa

Hango alifika mahakamani siku ileile aliyoandikiwa, asubuhi, kabla karani hajafungua mlango. Alilazwa juu ya mabua ya mtama kwenye mkokoteni wa punda, mama yake ameketi kichwani pake, kaka yake anavuta kamba. Shauri lake lilikuwa limekwisha kufutwa miezi kadhaa nyuma, na sababu iliyoandikwa ni kwamba mdai hakufika. Kilicholiua shauri hilo ni ombi lake mwenyewe. Aliomba apewe tarehe ya karibu zaidi, na mahakama ikamkubalia.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi ya ukalimani mahakamani. Mimi niliifanya tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, katika mji mmoja wa mkoa wa Singida ambao jina lake naliacha, maana waliohusika wana watoto na wajukuu. Nilikuwa natafsiri Kinyaturu kwenda Kiswahili na kurudi. Mahakimu wa miaka hiyo waliandika kwa Kiingereza, hivyo neno la bibi kizee lilipita kwangu, likapita kwa hakimu, likatua karatasini likiwa limevaa nguo ya tatu. Nilijifunza mapema kuongea polepole.

Mwalimu wangu hakuwa mkalimani. Alikuwa Mzee Saidi, tarishi wa mahakama, mtu wa baiskeli nyeusi na kofia isiyobadilika rangi kwa sababu haikuwa na rangi tena. Kazi yake ilikuwa kupeleka samansi vijijini. Siku yangu ya kwanza nilisimama karibu na shahidi nikasema, "Anasema yeye alimwona ng'ombe." Tulipotoka Mzee Saidi akanivuta pembeni.

"Wewe, nani alimwona ng'ombe?"

"Yule shahidi, mzee."

"Basi sema 'nilimwona.' Ukisema 'anasema yeye,' unamwambia hakimu kwamba wewe huamini. Nani kakuuliza kama unaamini?"

Tangu siku hiyo nilikuwa 'mimi' wa kila mtu. Nimeiba mbuzi, nimeachwa na mume, nimechomewa ghala. Mke wangu alikuwa akinitania nikirudi nyumbani: "Leo umefanya nini tena?"

Mengine mtayajua wenyewe, lakini nawapa machache. Kaa mahali unapouona mdomo wa shahidi, sikio peke yake halitoshi. Akilia, ngoja; usitafsiri kilio. Akitukana, tafsiri tusi zima, usilipunguze makali kwa sababu ya heshima yako. Akinyamaza, sema "amenyamaza," na uishie hapo. Na usiongeze chumvi hata chembe, hata kama shahidi ni shangazi yako na unajua hasa alichotaka kusema. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na nitalirudia.

Hango nilimfahamu siku alipokuja kufungua shauri. Alikuwa mkulima wa kijiji kimoja huko nyuma ya Mkiwa, mzee wa kanisa ingawa umri wake ulikuwa bado wa ujana, mtu mrefu aliyeinama kidogo. Mwaka uliotangulia, wakati wa mavuno, alikuwa akipakia magunia ya mtama kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Manyoni. Lori lilirudi nyuma likambana kwenye ukuta wa ghala, ubao wa nyuma ukampiga kifuani na kooni. Alilala hospitali ya misheni muda mrefu. Mbavu ziliunga. Koo halikupona. Daktari alimweleza kwamba ndani kuna kovu linalokua, na njia ya sauti inazidi kuwa nyembamba.

Dereva alisema Hango alikuwa amelewa, amejilaza nyuma ya gurudumu. Ilikuwa rahisi kuaminiwa. Wakati wa mavuno kila nyumba ina pombe ya mtama, na mtu anayeanguka karibu na ghala hatafutiwi sababu nyingine. Kanisa lao lilikuwa na sheria kali juu ya pombe. Wakamsimamisha uzee, wakamweka nje ya meza ya Bwana, wakamwambia hivi: hatuwezi kujua nani mkweli, shauri liko mahakamani, mahakama ikisema hukulewa, tutakurudisha mbele ya watu wote.

Kwa hiyo elewa alichokuwa anakitafuta. Hati ya madai ilisema fidia ya maumivu, kama zinavyosema zote. Lakini siku ya kwanza, tukiwa tumekaa kwenye ngazi tukimngoja karani, aliniambia, "Bwana Mkalimani, mimi sikunywa. Nataka niliseme hilo mimi mwenyewe, mahali panapoandikwa." Siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua. Ungeweza kumsikia toka upande wa pili wa barabara.

Tarehe aliyopewa ilikuwa ng'ambo ya mvua. Hakimu wetu alikuwa mmoja na vituo alivyohudumia ni viwili. Mashauri ya jinai yalitangulia kwa sababu watu walikuwa mahabusu, na ya madai yakakaa foleni. Hango aliipokea tarehe ile bila neno. Karani alimwandikia kwenye kipande cha karatasi, naye Hango akakikunja, akakitia kwenye Biblia yake.

Katikati ya kiangazi alirudi, safari hii na mama yake. Alitaka tarehe isogezwe karibu. Karani alimsaidia kuandika ombi, tukaingia mbele ya hakimu.

Hakimu huyu alikuwa kijana aliyetoka chuoni, mtu wa mikoa ya mbali, msafi, mwenye haraka. Hakuwa mtu mbaya. Narudia, hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa anasoma ombi, mama yake Hango alisimama akitazama meza, akasema neno kwa Kinyaturu, kwa sauti ya mtu aliye kwake. Hakimu akainua kichwa.

"Anasema nini?"

Nilikuwa nimefundishwa kutopunguza. Nikasema, "Mtoto huyu hana salamu?"

Askari wa mlangoni alitazama dari. Hakimu alimtazama yule mama, kichwa kilichofungwa kitambaa, mikono iliyokunjwa, kisha akaweka kalamu chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema mama, kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Haya, endelea na kazi."

Watu walicheka na hakimu akacheka pia. Nadhani ndiyo sababu alisikiliza vizuri baada ya hapo.

"Bwana Hango," alisema, "kila mtu anataka shauri lake lisikilizwe mapema. Kuna nini kwako ambacho hakiwezi kungoja mvua ipite?"

Nilikuwa nimesimama mahali pangu pa kawaida. Hango alijibu, nami sikusikia. Nikasogea. Akarudia, nikasogea tena, mpaka nikafika umbali wa mkono. Mama yake alimshika kiwiko cha mkono. Alikuwa amemkataza njiani, hili nililijua baadaye, asiseme mbele ya watu kwamba anakwisha. Kwa watu wa umri wake, mtu mzima hatangazi kuondoka kwake. Kulitamka jambo hilo ni kuliita. Hango hakulitamka. Alisema, "Sauti inakwisha. Nina maneno machache. Naomba niyaseme yangali na sauti."

Nilitafsiri hivyohivyo, kwa 'mimi' yake. Hakimu alilisoma ombi tena. Kisha akasema ombi lina msingi, ila sheria inamtaka aulize upande wa pili kwanza. Hawezi kusogeza tarehe ya mdaiwa bila mdaiwa kujua. "Wakikubali, nitapanga siku ya karibu, na mahakama itakuletea taarifa nyumbani kwako. Kama hupati taarifa, tarehe yako ni ileile ya zamani. Umeelewa?"

Hango akaitika kwa kichwa. Nikasema, "Ameitika kwa kichwa."

Walipotoka nje mama alimwuliza, "Wamekubali?" Hango akafungua Biblia, akatazama kile kikaratasi, akakirudisha.

Hapa lazima niwaeleze kiangazi kile kilikuwaje, maana ninyi mmezaliwa vijiji vikiwa vimekwisha kukaa mahali vilipo. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu wetu walikuwa wakiishi wametawanyika, kila ukoo na tembe lake, na ng'ombe wake, na shamba lake linalozunguka nyumba. Ikaja amri ya kukaa pamoja. Wengine walihama kwa hiari na ngoma, wengine walihamishwa. Magari yalipita, watu wakapakia mitungi na kuku na vinu. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa la miti na udongo juu; mtu akihama hawezi kuchukua ukuta, lakini miti ya paa ni mali, hivyo paa linashushwa na miti inakwenda naye. Mlango pia. Kinachobaki ni kuta zimesimama, zinatazama juu.

Upande wa pili walikubali. Wakili wa mfanyabiashara aliandika kwamba hana pingamizi. Hakimu akapanga siku mwanzoni mwa mvua, akafurahi, alisema mbele yangu, "Yule bwana wa sauti atapata nafasi yake." Samansi mbili zikatoka. Ya Manyoni ilikwenda kwa treni na ikafika. Ya Hango alipewa Mzee Saidi.

Mzee Saidi aliipeleka. Katika maisha yake ya kazi sikujua samansi aliyoitupa porini, na wako matarishi waliofanya hivyo. Alipanda baiskeli, akafika kwenye tembe la Hango, akakuta hakuna mtu. Aliita. Alikwenda kwa jirani, napo hakuna. Aliuliza mchungaji wa mbuzi aliyekuwa akipita, naye akanyoosha mkono kuelekea upande wenye vijiji vipya vitatu au vinne.

Sheria ilikuwa inamwambia hivi: usipomkuta mtu, na hakuna wa nyumbani wa kuipokea, bandika hati nyumbani kwake mahali panapoonekana. Mzee Saidi alikuwa akitembea na kikopo cha uji mzito wa unga kwa kazi hiyo. Hapakuwa na mlango wa kubandika. Akabandika ukutani, mahali mlango ulipokuwa. Akarudi akaapa mbele ya hakimu kwamba amebandika.

Siku ile iliyosogezwa ilifika. Mdaiwa alikuwepo, dereva alikuwepo amevaa shati jeupe, wakili alikuwepo. Hango aliitwa na askari akasimama barazani akapaza sauti, jina la Hango, jina la baba yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliitwa mara kadhaa. Wakili akasimama akasema, kwa heshima zote, huyu ndiye aliyeomba siku ya karibu, wateja wangu wametoka Manyoni kwa ajili yake, naye hakuona haja ya kuja. Akaomba shauri lifutwe.

Hakimu alimwita Mzee Saidi.

"Hati uliibandika nyumbani kwake?"

"Niliibandika, Mheshimiwa."

"Una hakika ni nyumba yake?"

"Ni yake, Mheshimiwa. Nilikwisha kumpelekea samansi hapohapo."

"Nyumba ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, Mheshimiwa."

Hakimu alitazama mlangoni tena, akangoja kidogo, kisha akaandika.

Mzee Saidi alinieleza habari ya paa baadaye, tukiwa tunakula mihogo nyuma ya jengo. Alieleza bila kujitetea. "Niliulizwa nyumba," alisema, "sikuulizwa paa." Nikamwuliza kwa nini hakufika vile vijiji vipya. Akaniambia alifika kimoja, na huko watu hawakuwa wamejuana bado. Kila mtu alikuwa mgeni, hakuna aliyejua nani amewekwa mstari upi wa nyumba. Kwenda vingine, mvua za kwanza zilikuwa zimeujaza mto. Akachukua kipande kingine cha muhogo. Kisha akasema, "Maisha yangu yote nimepeleka karatasi kwenye nyumba. Sikuwahi kufikiri nyumba itabaki na mtu aondoke."

Hango, wakati huo, alikuwa upande wa pili wa ule mto, ndugu zake wakimwezekea chumba kwa ile miti. Hakuna taarifa iliyomfikia. Akakumbuka maneno ya hakimu: usipopata taarifa, tarehe yako ni ileile. Akaamini ombi lake limekataliwa. Mama yake aliniambia kwamba kuanzia hapo aliacha kuzungumza bila haja. Akitaka maji anaonyesha kikombe. Akitaka mtoto aje anapiga kofi. Wake wa ndugu zake walimwona amekuwa mkali. Yeye alikuwa anaiweka akiba sauti yake mpaka ng'ambo ya mvua.

Ndiyo asubuhi ile ya mkokoteni.

Karani alipofungua mlango na kutafuta jalada, alilikuta kwenye kabati la yaliyokwisha. Alikuja kuniita mimi, na uso wake ukanitosha. Tulimwingiza Hango, kaka yake akimbeba mgongoni, akamkalisha kwenye benchi. Hakimu alisikia habari yote: hati, ukuta, mto. Alimwita Mzee Saidi akamwuliza kuhusu paa, na safari hii Mzee Saidi alijibu kuhusu paa. Hakimu alijishika paji la uso.

"Mwambie," aliniambia, "shauri linaweza kurudishwa. Aweke ombi leo, nitalisaini mwenyewe. Lakini lazima nimtaarifu mdaiwa tena. Siwezi kuchukua ushahidi leo katika shauri ambalo halipo, na upande mmoja haupo."

Nikamwambia. Hango akatikisa kichwa. Akanionyesha kizimba. Mama yake akasema, "Amekuja kusema. Mwacheni aseme."

Hakimu akachukua kalamu. Akasema, "Nitasikiliza neno moja la kuunga mkono ombi lake. Litaandikwa kama sehemu ya ombi. Mwulize ana la kusema?"

Niliinama. Sikio langu lilikuwa karibu kugusa midomo yake. Nilisikia pumzi, nikasikia kitu kama mlango unaoburuzwa kwenye mchanga, na ndani yake nikasikia neno "mimi." Midomo iliendelea kutembea. Hapakuwa na sauti tena. Alijaribu upya, shingo ikamtoka mishipa, na ilikuwa pumzi tupu.

"Amesema nini?" hakimu aliuliza. Kalamu ilikuwa tayari.

Watu wote waliokuwa mle ndani walijua amesema nini. Askari alijua. Karani alijua. Mimi nilikuwa nimelisikia kwenye ngazi, kwa sauti ya mafua, maneno mawili tu.

"Nimesikia 'mimi,' Mheshimiwa," nilisema. "Mengine sikuyasikia."

Hakimu aliandika alichoambiwa.

Nje, mama alinikuta nimesimama karibu na wale punda. Nilimwamkia, akaitika.

"Ulijua lililobaki," alisema.

"Nililijua, mama."

"Aliwahi kukuambia."

"Aliniambia, mama. Leo sikulisikia."

Hakuonekana ana hasira. "Basi hiyo sheria yenu ina masikio madogo," alisema, akapanda mkokoteni akaweka kichwa cha mwanawe mapajani.

Mara nyingi vijana waliofanya kazi chini yangu waliniuliza ningefanya nini ningerudi siku ile. Nawajibu kwamba mkalimani anayekamilisha sentensi ya mtu mwema leo, kesho atakamilisha ya mwongo, na hakimu hatajua tofauti. Naamini hivyo mpaka sasa. Sijawahi kuona jibu hilo likimpa mtu nafuu, mimi nikiwemo.

Shauri lilirudishwa. Hakimu alipanga siku ya karibu kuliko zote alizowahi kupanga, na Mzee Saidi alivuka mto akaitia hati mkononi mwa kaka yake Hango, akamngoja abonyeze kidole. Hango alifariki kabla ya siku hiyo. Kanisa lilikuwa bado linangoja mahakama, kwa hiyo hawakupiga kengele. Ndugu walimzika wenyewe, na mwalimu mmoja wa shule, aliyekuwa rafiki yake, alisoma zaburi.

Siku ya shauri mama alikuja peke yake. Hakimu alisimama kumsalimia, akampa pole, akamweleza kwamba shauri halifi na mtu. Wanandugu wachague msimamizi wa mambo ya marehemu, mahakama ya mwanzo imthibitishe, ndipo ataendelea mahali Hango alipoishia. Wakamchagua kaka yake. Kabla hajathibitishwa hakimu akahamishwa, jalada likaitwa Dodoma pamoja na mengine mengi, na aliyekuja baada yake hakulikuta.

Nilistaafu nikiwa nimebadilishiwa mahakimu wengi. Siku hizi mnapiga simu, mnatuma ujumbe, mtu anajua tarehe yake akiwa shambani, nafurahi. Mzee Saidi hakuyaona haya. Baada ya mwaka ule alianza kuwauliza watu wa kila nyumba, kabla ya kuwapa hati, "Mnahama lini?" Wengine walidhani ni utani wa kizee.

Mama yake Hango aliendelea kuja mjini siku za mnada, miaka mingi, mpaka aliposhindwa kutembea. Alikuwa akipita mahakamani, hakai, anasimama mlangoni. Nilimwamkia, aliitika, kisha aliuliza neno moja: "Tarehe?" Nami nilimjibu lililoandikwa kwenye mstari wa mwisho wa jalada, mstari niliouona kwa macho yangu kabla halijaondoka: limeahirishwa mpaka tarehe itakayopangwa.

Dereva naye amekwisha kufa. Katika kanisa lile Hango bado amesimamishwa, hakuna aliyemrudisha na hakuna aliyemfuta, wanangoja. Tarehe haijapangwa.